Maswali na Majibu: Ahadi za Tabianchi Hupandishwaje Bila Fimbo?

Tangu kumalizika kwa mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Belém, Brazili, mwezi Novemba 2025, barua nyingi zilizofika kwenye safu hii zimeuliza jambo moja kwa maneno tofauti: mikutano hii inaisukumaje nchi iahidi kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, zaidi ya ilivyoahidi awali? Nimechagua sita na kuzifupisha.

"Ni nani hasa anayeipangia nchi kiwango cha gesijoto inachopaswa kupunguza?" (Msomaji, Mwanza)

Hakuna, nchi hujipangia yenyewe. Haikuwa hivyo zamani. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 iliziwekea nchi zilizoendelea viwango vyenye nguvu ya sheria, lakini Marekani iliitia saini bila kuiridhia, na Kanada ikatangaza kujitoa mwaka 2011. Mwaka 2009 mjini Copenhagen, jitihada za kupata mkataba mpya ziliambulia waraka ambao mkutano haukuupitisha, bali uliandika tu kwamba umeuona. Ndipo Mkataba wa Paris, uliopitishwa tarehe 12 Desemba 2015, ukageuza utaratibu: kila nchi iandike mchango wake wa kitaifa, iuwasilishe hadharani, na kila baada ya miaka mitano ilete mwingine.

Neno "mchango" limekaa mahali pake. Aliyewahi kuwa katibu wa kamati ya harusi anaifahamu kazi hii: daftari lina safu ya ahadi na safu ya fedha zilizokwisha kulipwa, na kikao huanza kwa kusomwa majina. Hakuna sheria inayomlazimisha mjomba aahidi laki tano, ila akishasikia kwamba shemeji mwenye duka dogo ameandika laki tatu, mjomba aliyeandika elfu hamsini huomba daftari lirudi kwake.

"Nchi isipopandisha ahadi yake, au isipoitimiza, inafanywa nini?" (Msomaji, Mombasa)

Kwa maana ya adhabu, haifanywi lolote. Kamati ya utekelezaji iliyoundwa chini ya Kifungu cha 15 cha Mkataba wa Paris haina mamlaka ya kuadhibu. Kazi yake ni kukumbusha na kusaidia. Nguvu ya mkataba iko kwingine. Kifungu cha 4 kinataka kila mchango mpya uwe hatua mbele ya uliotangulia na uakisi upeo wa uwezo wa nchi husika, na kinairuhusu nchi kurekebisha mchango wake wakati wowote kwa nia ya kuupandisha. Kifungu cha 14 kinaleta tathmini ya utekelezaji ya dunia nzima kila miaka mitano, na ya kwanza ilihitimishwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai mwaka 2023, ambako wanachama kwa mara ya kwanza walikubali kuandika wito wa kuachana na mafuta, gesi na makaa ya mawe katika mifumo ya nishati. Juu ya hayo kuna ripoti za kila miaka miwili zinazoonyesha nchi imefikia wapi. Za kwanza zilitakiwa kufikia mwisho wa Desemba 2024.

Ukiniuliza mimi, vifungu vyote hivyo vimetungwa ili nchi zitazamane. Chukua tarehe 22 Aprili 2021, siku Marekani ilipowaalika viongozi wa dunia kwenye kikao cha mtandaoni. Yenyewe ilitangaza kupunguza asilimia 50 hadi 52 ifikapo 2030, ikilinganisha na mwaka 2005. Siku hiyo hiyo Japani ilipanda kutoka asilimia 26 hadi 46, kwa kipimo cha mwaka 2013, na Kanada ikatoka 30 hadi kati ya 40 na 45. Hesabu za namna hiyo haziandaliwi kwa usiku mmoja. Kilichozitoa kwenye makabati ya wizara siku moja ni kujua kwamba wenzao nao wanatangaza, na kwamba mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Uskoti, ulikuwa umebakiza miezi sita na siku chache.

Siku hizi mahakama nayo imeanza kusogea karibu. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yaliyoombwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa msukumo wa taifa la visiwa la Vanuatu, ilisema nchi haina uhuru usio na mipaka wa kujiandikia mchango wowote inaoutaka. Maoni hayo hayafungi kama hukumu, lakini wakili anayeishtaki serikali kwao sasa ana karatasi nzito ya kushika mkononi.

"Kwa nini wajumbe hukesha wakibishania neno moja?" (Mwanafunzi, Dodoma)

Kwa sababu maamuzi hupitishwa kwa maafikiano wala si kwa kura, hivyo kila neno linalobaki ni neno ambalo hakuna aliyelikataa kwa sauti. Rasimu huja ikiwa imejaa mabano ya mraba, na kila bano ni ugomvi ambao haujaisha. Kazi ya usiku ni kuyaondoa.

Siku ya mwisho Paris, rasimu ilitoka ikisema kwamba nchi zilizoendelea "ni sharti" ziendelee kuongoza kwa kuweka viwango vya kupunguza gesijoto katika uchumi wao wote. Matoleo ya awali yalikuwa na neno jepesi zaidi, la kusema kwamba "yafaa" zifanye hivyo. Marekani ilishtuka, maana neno la kulazimisha lingeweza kuufanya mkataba uhitaji idhini ya Baraza la Seneti, ambako ungekwama. Baada ya mashauriano ya faragha huku ukumbi ukisubiri, ofisa wa sekretarieti alisoma orodha ya marekebisho ya kiuandishi, na ndani yake, katikati ya mambo madogo madogo, neno hilo likabadilishwa. Muda mfupi baadaye mwenyekiti wa mkutano, Laurent Fabius wa Ufaransa, aligonga nyundo. Mimi huona kitendo kile kuwa ujanja na busara kwa pamoja, na sijafaulu kuvitenganisha.

Neno linaweza pia kufanya kazi ya kupandisha. Uamuzi wa Glasgow wa mwaka 2021 unakumbukwa kwa makaa ya mawe, pale India ilipotaka dakika za mwisho "kukomesha" kuwe "kupunguza" na mwenyekiti Alok Sharma akashikwa na kwikwi mbele ya ukumbi. Lakini uamuzi huo huo uliziomba nchi zipitie upya na kuimarisha ahadi zao za 2030 kabla ya mwisho wa 2022, bila kungoja miaka mitano. Zilizoitika zilikuwa chache. Mojawapo ni Australia, ambayo baada ya kubadilisha serikali ilitoka kwenye ahadi ya kati ya asilimia 26 na 28 ikafika 43.

"Je, nchi inaweza kupandisha ahadi kwenye karatasi huku ikiilegeza kwa vitendo?" (Msomaji, Nairobi)

Inaweza, na imewahi kutokea. Desemba 2020 Brazili iliwasilisha mchango wenye asilimia zile zile za mwanzo: kupunguza 43 kwa mia ifikapo 2030, kutoka kiwango cha 2005. Lakini takwimu ya mwaka 2005 yenyewe ilikuwa imehesabiwa upya, ikapanda kutoka takriban tani bilioni 2.1 hadi bilioni 2.8. Piga hesabu: asilimia haikuguswa, ila ruhusa ya kuchafua hewa iliongezeka kwa tani milioni 400 hivi. Wanaharakati walipiga kelele, na mwaka 2023 serikali mpya ikairudisha ahadi pale ilipokuwa. Kwa hiyo msomaji asitazame asilimia peke yake. Aulize asilimia ya nini.

Swali hilo linatuhusu na sisi. Tanzania iliahidi mwaka 2015 kupunguza asilimia 10 hadi 20, na mwaka 2021 ikapandisha hadi kati ya 30 na 35; Kenya ilitoka 30 hadi 32. Hata hivyo kipimo chetu ni kile ambacho kingetokea ifikapo 2030 bila hatua yoyote. Kenya ilikadiria tani milioni 143, hivyo asilimia 32 inaiachia takriban milioni 97, kiasi ambacho uchumi wake unaweza kukifikia ukiwa unaongeza gesijoto polepole. Hilo si udanganyifu, maana Mkataba unazitambua nchi maskini na kuzipa nafasi, lakini si sawa na kupunguza kunakotajwa na Ulaya, ambayo hupima kutoka kiasi halisi cha mwaka 1990.

"Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 ya gesijoto. Kwa nini nasi tusukumwe kupandisha?" (Msomaji, Tanga)

Sehemu kubwa ya ahadi zetu imeandikwa kwa sharti: tutafika hapo mkitupa fedha na teknolojia. Ndiyo maana kikao cha ahadi hugeuka kuwa kikao cha fedha. Nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka kufikia 2020, na kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi hizo, zilifikisha mwaka 2022. Kwenye mkutano wa Baku, mwaka 2024, walikubali bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati wajumbe wa Afrika walikuwa wamedai trilioni 1.3. Anayeahidi kwa sharti, kisha sharti lisitimizwe, hajavunja ahadi. Ila mjomba naye analijua hilo, na pengine ndiyo sababu halipi haraka.

"Marekani imejitoa tena. Daftari bado lina maana?" (Msomaji, Muscat)

Limepungua uzito. Ahadi mpya za 2035 zilitakiwa tarehe 10 Februari 2025, na siku hiyo ilipofika zilizokuwa zimewasilisha hazikufika 20. China ilitangaza yake Septemba, kushusha gesijoto kwa asilimia 7 hadi 10 kutoka kiwango chake cha juu kabisa. Wengi waliiona ndogo, lakini ni mara ya kwanza kwa China kuahidi kushuka katika uchumi wote.

Ripoti ya mwaka 2025 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, inasema ahadi zote zikitimizwa joto la dunia karne hii litakuwa limeongezeka nyuzi 2.3 hadi 2.5 kuliko kabla ya enzi ya viwanda; sera zilizopo zikiendelea, 2.8. Mkataba wa Paris ulipopitishwa makadirio yalikuwa 3 hadi 3.5. Ripoti hiyo hiyo inakiri kwamba sehemu ya nafuu iliyoonekana tangu ripoti ya mwaka uliotangulia, nyuzi 0.1, imetokana na kubadilishwa kwa njia ya kuhesabu, na kwamba kujitoa kwa Marekani kutaondoa 0.1 nyingine ya nafuu hiyo. Tathmini ya pili ya dunia imepangwa 2028, na ahadi za 2040 zinatarajiwa mezani mwaka 2030.