Paka Wako Akitoka Nje: Barua Zenu na Majibu

Safari hii barua za paka zimekuwa nyingi kuliko za mbwa na kuku ukizijumlisha, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: paka anatoka anarudi kaumia, au anatoka harudi kabisa. Nimechagua chache. Ya sumu nimeipa nafasi kubwa makusudi, manake ndo inayoniumiza kuliko zote.

*Shikamoo mama. Nakaa Mbagala, nilikuwa na paka jike, juzi tumemkuta nyuma ya choo anatoka mapovu anatetemeka, kabla hatujajua tufanye nini akawa kashakufa. Jirani huwa ananunua sumu ya panya kwa wale wanaopita na spika. Alishawahi kulalamika paka wetu anakula vifaranga vyake, tena anasema paka ni najisi anatia mdomo kwenye ndoo zake za maji. Nimebaki na watoto wawili wa huyo paka, nifanyeje? Mama wa Mbagala*

Marahaba mwanangu, pole sana. Kumpoteza paka namna hiyo mbele ya watoto inauma, na asije mtu akakwambia eti si paka tu. Kwa ulivyoeleza, mapovu, kutetemeka na kufa haraka vile, inafanana sana na zile dawa za wadudu wa shambani ambazo watu wanazifunga kwenye vikaratasi visivyo na jina wala maelezo wanaziuza kama sumu ya panya. Hizo zinashika mishipa ya fahamu, mate yanamwagika, mboni ya jicho inakuwa kadogo, mnyama anaingia degedege, na hapo muda ni mchache mno. Kuna aina nyingine, ile inayozuia damu isigande, hiyo inadanganya watu kweli, paka anakula leo unamuona mzima anacheza, siku ya tatu mpaka ya tano ndo fizi zinakuwa nyeupe, analegea, anahema kwa shida, anatoka damu. Na hii ya pili hata kama hajaigusa sumu yenyewe, akila panya aliyeila inaweza kumdhuru. Uzuri wake ukiwahi ina dawa, daktari wa mifugo anampa vitamini K kwa wiki kadhaa na wengi wanapona.

Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, usimnyweshe maziwa, usimnyweshe mafuta ya kula wala maji ya chumvi. Najua ndo kitu cha kwanza watu wanakimbilia, ila maziwa si dawa ya sumu, na paka anayetetemeka ukimmiminia kitu mdomoni kinaingia kwenye mapafu unamuua mwenyewe. Kama sumu iko kwenye manyoya mwoshe kwa maji na sabuni ya kawaida asije akajilamba, mfunike na kitenge, mtie kwenye tenga, kimbia kwa daktari wa mifugo, na kikaratasi cha sumu ukikiona nenda nacho. Namba ya daktari iandike leo ukutani, usisubiri siku ya tukio.

Sasa jirani. Una hasira na una haki, lakini hao watoto wawili wa paka watakua karibu na ukuta wa huyohuyo jirani, kwa hiyo anza na vifaranga. Nenda kamlipe. Kweli kabisa, kama paka wako alikula vifaranga vyake basi hilo ni deni, na mtu aliyelipwa anakusikiliza tofauti. Kuhusu unajisi, kama ni Muislamu mkumbushe kwa adabu habari ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, akasema Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wanaozunguka kwenu. Ila hata ukimkumbusha, mpelekee na mifuniko ya ndoo, manake maji ni yake na hataki mdomo wa paka, basi.

Alafu ongea naye kuhusu hao panya, maana tatizo lake ni la kweli. Mitego ya kubana inafanya kazi, pumba na mashudu ya kuku yakikaa kwenye pipa lenye mfuniko panya wanapungua wenyewe, na kama lazima atege sumu basi anunue yenye lebo dukani, aiweke ndani ya kipande cha bomba la plastiki ambalo panya anaingia ila paka na mtoto mdogo hawafiki, na kila asubuhi aokote panya waliokufa awafukie. Zile karatasi za gundi nazo mwambie asiziweke nje, paka ananasa mwili mzima (ikitokea, mafuta ya kula taratibu mpaka gundi ilegee, kisha sabuni, usimvute). Akikataa yote hayo na ukawa na ushahidi kwamba anatega kwa makusudi, Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mifugo wa kata. Ila hiyo iwe ya mwisho.

Hao wadogo wafungie ndani kwanza mpaka wachanjwe na wafungwe kizazi, na hapo namjibu na huyu anayefuata.

*Mambo mama paka, niko Tabata. Dume langu kila usiku anatoka, anarudi alfajiri masikio yamechanika, mara ya mwisho kapotea siku kadhaa kaja na jipu kubwa shavuni. Nimfunge kamba?*

Kamba hapana. Paka aliyefungwa kamba anaruka ukuta ananing'inia, au mbwa anamkuta hana pa kukimbilia. Huyo anafuata majike na anapigana na mashume ya mtaani, na dawa yake ni kumhasi, hakuna ujanja mwingine. Ni kazi ndogo, dume anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Usitegemee kesho yake ametulia, homoni zinachukua wiki kadhaa kuisha mwilini, ila baada ya hapo kuzurura na kupigana kunapungua sana na hata ule mkojo unaonuka wa kupulizia milangoni unapungua. Wenye majike ndo wawahi zaidi, jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, anabeba kama wiki tisa, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha, ndo maana unaanza na mmoja mwaka ukiisha una ukoo.

Lile jipu linatokana na jino la paka. Jino lake ni jembamba, linatoboa, tundu linafunga juu na uchafu unabaki ndani, baada ya siku mbili tatu panavimba usaha. Akirudi kang'atwa msafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na USITUMIE zile dawa za kuulia vijidudu ambazo ukitia kwenye maji yanakuwa meupe kama maziwa, nyingi zinamdhuru paka akijilamba. Akipata homa au akiacha kula, kwa daktari. Na kwa kung'atana hukohuko ndo wanaambukizana ule ugonjwa watu wanaouita ukimwi wa paka, ambao binadamu hauwapati kabisa, kwa hiyo ukiambiwa paka wako anao usimtupe.

Usiku alale ndani. Hili ningependa kila nyumba yenye paka ilishike, magari yanayopita kwa kasi barabara ikiwa tupu, mbwa wanaofunguliwa usiku, mashume, vyote ni vya giza. Na kumuingiza wala si kugombana naye, chakula kikubwa cha siku kiwe cha maghribi, ndani ya nyumba, saa ileile kila siku, unagonga sahani unafunga mlango. Ukimpa cha jioni nje au ukimwachia sahani kutwa nzima hana sababu ya kurudi. Muwekee beseni la mchanga na maji. Siku za kwanza atalia mlangoni, usimfungulie hata mara moja, akijua kulia kunafungua mlango ndo atalia mwaka mzima.

*Niko Arusha, kipindi hiki cha baridi paka wa jirani analala ndani ya injini ya gari yangu. Nafanyaje?*

Kabla ya kuwasha piga boneti mara mbili tatu kwa nguvu, subiri kidogo, ukiweza fungua uangalie. Feni na mkanda wa injini vinamkata vibaya. Na muwekee boksi lenye gunia mahali pasipo na upepo, akipata joto kwingine gari yako ataiacha.

*Asalaam aleikum. Nakaa Mombasa ghorofa ya nne, paka wangu hukaa ukingoni mwa roshani akiwatazama kunguru siku nzima. Watu huniambia paka huanguka na miguu, hana neno.*

Waaleikum salaam. Ana neno ndugu yangu. Ni kweli anajigeuza hewani na mara nyingi anatangulia na miguu, lakini chini ni sementi, anavunjika taya, anavunjika miguu, kifua kinaumia ndani hata kama nje huoni jeraha. Na huwa haanguki kwa uzembe, anaanguka akili yote ikiwa kwa ndege. Chukua wavu, Mombasa nyavu za wavuvi hazikosi, au wavu wa kuku wenye matundu madogo, funga kuanzia ukingo mpaka dari na uukaze usilegee. Madirisha yenye nondo peke yake hayatoshi, paka anapita. Kama nyumba ni ya kupanga mwambie mwenye nyumba kwanza, wavu hauhitaji kutoboa ukuta ukiufunga kwenye vyuma vilivyopo. Akianguka hata kama anatembea mpeleke aonwe siku hiyohiyo.

*Mama, mwanangu wa miaka sita kang'atwa na paka asiyejulikana hapa Tanga, kidonda ni kidogo tu, bibi yake kampaka mafuta ya taa. Inatosha?*

Haitoshi, na naomba kama hamjaenda hospitali ukiacha kusoma hapa muondoke. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yake, paka naye akiumwa na mnyama mwenye kichaa anakipata na anaambukiza kwa mate. Ukubwa wa kidonda si hoja. Kitu cha kwanza kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, dakika 15 za saa, si mafuta ya taa, si pilipili, si majani. Kisha hospitali, mueleze mtoto kang'atwa na paka msiyemjua, apewe chanjo, na tarehe zote atakazopangiwa mzimalize hata kama kidonda kimefunga. Dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona, chanjo inafanya kazi kabla ya hapo. Bibi msimlaumu, alimpenda mjukuu akafanya alichokijua.

Na wenye paka wanaotoka nje, chanjo ya kichaa ni kuanzia miezi mitatu kisha inarudiwa kama daktari atakavyopanga. Kwenye wilaya nyingi idara ya mifugo huwa inaadhimisha siku ya kichaa cha mbwa, tarehe 28 Septemba, ulizieni mapema kama kuna chanjo na mpeleke paka pia, watu wanadhani ni ya mbwa tu.

Viroboto wameulizwa na wengi, nitajibu kwa pamoja: msimpake paka dawa ya mbwa. Nyingi zina kitu kinaitwa pemethrini, mbwa anaivumilia, paka inamtia degedege na kumuua. Hali kadhalika Panadol, hata kipande cha kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, kwa hiyo akiwa na homa msimtibu kwa dawa za kabatini.

*Tumehama Kihonda kwenda Kilakala hapahapa Morogoro, siku ya pili tu paka katoka hajarudi. Watoto wanalia. Kuna tumaini?*

Lipo, tena kubwa. Paka mgeni wa mtaa akishtuka mara nyingi haendi mbali, anajibanza karibu na hajibu hata ukimwita, hofu imemziba mdomo. Mchana pita kwa majirani uombe waangalie stoo, mabanda, chini ya magari, juu ya dari, kuna paka wanafungiwa stoo za watu bila mtu kujua. Usiku kelele zikiisha toka na tochi, mtu mmoja au wawili msiwe kundi, mmulike chini chini, macho yake yatang'aa. Ukimuona usimkimbilie, kaa chini, gonga sahani yake, sema taratibu maneno yale unayomwambiaga kila siku. Nje ya mlango weka nguo ambayo haijafuliwa mliyokuwa mnalalia na chakula kidogo chenye harufu, dagaa wa kukaanga wanafaa. Na wapigie majirani wa Kihonda, umbali wenyewe si mkubwa hivyo, kuna paka wanarudi nyumba ya zamani, waambie wakimuona wamuingize ndani wasimfukuze.

Akirudi akae chumba kimoja wiki mbili au tatu na vitu vyake, ale kwa saa zilezile, ndipo umtoe kwa mara ya kwanza kabla hajala, wewe ukiwepo, kwa muda mfupi. Mvishe na mkanda wa shingo wa lastiki unaoachia akinasa kwenye miba ya fensi, wenye nafasi ya vidole viwili, namba yako ya simu ikiwa imeandikwa kwa wino usiofutika.