Kabla ya kununua akili mnemba ya kuchimbia mvuke, fungua ripoti za zamu

Vijana wa uhandisi wananiuliza sana: tutumie programu gani ya akili mnemba kwenye visima vya mvuke wa jotoardhi? Jibu langu huwaudhi. Nawaambia waanze na ripoti ya asubuhi.

Mimi ni mtu wa data, na visima nilivyovizoea ni vya Olkaria, Naivasha. Kisima hushuka kama mita 3,000, na joto la chini kuna mahali linapita nyuzi 300. Kinachosumbua zaidi si mwamba mgumu, ni maji kupotea. Miamba ya volkano imejaa nyufa. Unasukuma maji au tope chini na halirudi. Lisiporudi, vipande vya mawe navyo havipandi. Mwanajiolojia anakosa sampuli, mawe yanatuama juu ya keko (ncha inayokata mwamba), bomba la kuchimbia linakwama. Na mtambo unaendelea kula pesa kila siku, uchimbe usichimbe.

Hapo mashine inafaa kweli. Kabla bomba halijakwama, mara nyingi dalili huwepo: nguvu ya kulizungusha inapanda, uzito kwenye ndoano inayoning'iniza bomba unabadilika, shinikizo la pampu linasogea. Saa tisa usiku mtu aliyechoka anaweza asiziunganishe. Programu haisinzii.

Lakini uliza imefundishwa wapi. Nyingi zimekulia kwenye visima vya mafuta, kwenye miamba ya mashapo. Huko maji yote yakipotea ni dharura. Kwetu ni jambo la kawaida, na ukishafika kwenye hifadhi ya mvuke, ufa huo ndio ulioufuata! Programu ya mafuta itapiga kengele usiku kucha mpaka mtu aizime.

Kwa hiyo ifundishe kwa visima vyako, na ndiyo maana nataja ripoti. Zisome utaona: zamu moja inaandika “kubana”, nyingine “kukwama”, nyingine haiandiki kitu kwa kuwa bomba lilichomoka kabla bosi hajaamka. Kaeni na wachimbaji mkubaliane kukwama ni nini, kwa namba. Linganisha saa ya vihisi na saa ya ripoti. Na mkichimba kwa hewa na povu, msiamini kipimo cha maji yanayorudi bila kukikagua, povu hukivuruga. Kazi hii haina mvuto hata kidogo, wala hakuna atakayekupigia makofi.

Huna data? Mradi wa utafiti wa jotoardhi wa Utah FORGE, Marekani, umeweka ya kwake wazi kwa yeyote. Ila ule ni mwamba wa matale (graniti), si volkano yetu, kwa hiyo fanyia mazoezi tu.

Skrini nayo iwe kwenye kibanda cha mchimbaji, isiwe ofisini Nairobi. Mwekee kitufe cha kusema “kengele hii ni ya uongo”, na kila asubuhi pitia alivyobonyeza kabla hujagusa programu.