Majitaka Yaliondolewa, Maziwa Yakabaki Machafu

Swali la wiki hii lauliza kwa nini watoto wachanga wa miji ya Uingereza waliendelea kufa kwa wingi katika enzi ya Malkia Victoria, ilhali miji hiyo ilikuwa ikijenga mifereji ya majitaka na kuajiri maofisa afya. Kwa maoni yangu, kazi hiyo kubwa ilisafisha mitaa pasipo kugusa kile kilichoingia kinywani mwa mtoto, na lawama akatwishwa mama.

Sheria za afya ya jamii za 1848 na 1875 zilileta manufaa ya kweli, na kuanzia miaka ya 1870 vifo vya watu kwa jumla vilipungua. Lakini kwa walio chini ya mwaka mmoja, nchini Uingereza na Wales, vilibaki karibu 150 kwa kila vizazi hai 1,000, na mwaka 1899 vilipita 160.

Utazame Leicester, mji wa viwanda vya soksi na viatu, uliojulikana kwa kuhara kulikoua vichanga kila joto la Agosti na Septemba lilipofika. Mwaka 1891 ulizindua kituo kikubwa cha kusukuma majitaka, lakini mitaani farasi waliendelea kuacha samadi, na nzi waliozaana humo waliingia jikoni. Maziwa yalisafirishwa kutoka mashambani bila kupozwa, kisha yakatiwa katika chupa zenye mpira mrefu ambao ndani yake haukusafishika. Familia maskini zilinunua maziwa ya kopo yaliyoondolewa mafuta kwa kuwa yalikuwa rahisi.

Kwa kuwa watoto walionyonya maziwa ya mama walinusurika zaidi, maofisa wengi waliwalaumu wanawake waliofanya kazi viwandani. Naiona lawama hiyo kuwa ya kikatili. Sheria ya viwanda ya 1891 ilikataza mama kuajiriwa katika wiki nne za kwanza baada ya kujifungua, lakini haikumlipa hata peni moja kufidia ujira alioukosa, nao ndio uliolipa kodi ya chumba na mkate wa watoto wakubwa.

Mwaka 1899 mji wa St Helens ulifungua kituo cha kwanza cha manispaa nchini humo cha kuuzia mama maziwa yaliyotakaswa kwa joto, miaka 24 baada ya sheria kuu ya afya kupitishwa.