Barua kwa mwanangu: vidonge vya nyanyako

Mwanangu Salma,

Umeniuliza kwa nini nimemkatalia nyanyako kuacha ghafla, kwa siku moja, diazepamu, ile dawa yake ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, ilhali daktari amesema hahitaji tena kuimeza. Nimekuwa nesi miaka 30, na jambo hili nimeliona kwa macho yangu.

Unaukumbuka ule mlango wa nakshi wa nyumba yetu ya Kibokoni, mzito, bawaba zikilia? Kwenye seli za ubongo mna milango midogo, kila mmoja una vipande vitano vilivyokaa duara, na katikati tundu la kupitisha kloraidi, chembe ndogo zenye chaji hasi. Anayebisha hodi ni Gaba, kemikali ambayo ubongo hujitengenezea. Mlango ukifunguka, kloraidi huingia na seli hutulia. Diazepamu haibishi hodi. Hushika pembeni, mahali pake baina ya vipande viwili, ikawa kama mafuta ya nazi kwenye bawaba: hodi ni zile zile, ila mlango hufunguka mara nyingi zaidi. Dawa za usingizi za zamani, babichurati, zikizidi ziliufungua hata bila hodi, na watu walikufa usingizini. Diazepamu ilipotoka mwaka 1963 ilionekana salama, na ikitumika peke yake kwa muda mfupi ina nafuu kweli. Ichanganye na pombe, pumzi inaweza kukatika. Hiyo bugizi, vidonge vya kulevya vinavyotumalizia vijana hapa Pwani, ni ndugu yake wa tumbo moja.

Nyanyako ameimeza miaka sita. Ubongo wake umeyazoea mafuta hata mlango mkavu hauitikii tena hodi za kawaida. Ukiyaondoa ghafla, seli hupiga kelele zote pamoja: jasho, usingizi kupotea, hata degedege.

Ramadhani iliyopita aliacha kimyakimya. Wiki haijaisha, baada ya futari, nikasikia kikombe kinagonga kisahani, tik tik tik, kahawa inamwagikia leso. Akaficha mkono. "Baridi tu," akaniambia. Baridi, Mombasa! Nililia jikoni.

Sasa daktari ametupangia kupunguza kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, na tukimuona anatetemeka tunasimama hapo hapo, tunampigia simu. Kidonge nakikata mwenyewe kwa wembe juu ya sahani nyeupe, chembe isipotee. Jana alimeza robo tatu, akalala hadi alfajiri.

Mpigie baada ya isha. Habari ya vidonge usimuulize.

Mamako