Kulanti si sharubati: maswali ya wanaotengeneza gari nyumbani

SWALI: Nimebadilisha kulanti, yaani maji ya rejeta yanayopoza injini, ya gari langu la Probox uani kwangu. Kulanti kuukuu, ya kijani, nimeitia kwenye chupa mbili za soda na kuziweka barazani. Mke wangu ananigombeza kwa sababu ya watoto. Ana haki? Na niimwage wapi? (Msomaji, Muyeye, Malindi)

JIBU: Ana haki, kaka, na chupa hizo ziondoe kabla hujamaliza kusoma. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu. Mtoto akiionja hatatema, na paka ataramba iliyomwagika sakafuni. Ikiwa ndani ya chupa ya soda, haina tofauti na sharubati. Mafunda machache tu yanamtia mtoto mdogo hatarini.

Kinachowapoteza wengi ni jinsi inavyodhuru. Saa za mwanzo aliyekunywa huyumba na kutapika kama mlevi, kisha huweza kuonekana kapata nafuu. Kumbe wakati huo ini linaigeuza glikoli kuwa asidi, na baada ya siku moja hadi tatu figo huanza kushindwa kazi. Basi usingoje dalili. Usimtapishe, wala usihangaike na maziwa, maana hayaiondoi sumu hii. Mkimbize hospitali na mkebe wa kulanti mkononi, daktari asome kilichomo. Tiba ipo, lakini inataka kuwahiwa.

Kulanti kuukuu irudishe kwenye mkebe wake wa asili, ufunge kifuniko, uandike SUMU kwa herufi kubwa, uiweke juu penye kufuli mpaka uipeleke gereji inayokusanya taka za magari. Usiimwage chooni wala mchangani. Mchanga wetu wa pwani hupitisha maji upesi, na kisima hakiko mbali. Iliyomwagika chini ifunike kwa vumbi la mbao, uizoe yote, ndipo uoshe sakafu.

Jambo jingine: subiri injini ipoe, saa nzima au zaidi, kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta. Mgandamizo ndio unaozuia maji yaliyopita nyuzi 100 yasichemke. Ukifungua yanachemka papo hapo na kukurukia usoni.

SWALI: Nikinyonya petroli kwa mpira hunipenya kidogo mdomoni. Naambiwa ninywe maziwa. (Dereva wa tuk-tuk, Barani)

JIBU: Usinywe, na usijitapishe. Hatari kubwa haiko tumboni, iko mapafuni. Petroli ni nyepesi mno. Ukipaliwa kidogo tu, au ukitapika, huteleza kwenye koo la hewa na kuyaunguza mapafu. Sukutua kwa maji na uteme. Ukianza kukohoa, kupumua kwa shida au kusinzia, nenda hospitali, hata kama ni saa kadhaa baadaye. Kisha acha kabisa mtindo huo, ununue pampu ya mkono ya mpira kwenye duka la spea.

Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini ukautafuta moto, na nyumba ya makuti ikishika haizimiki kwa ndoo.

SWALI: Oili chafu napaka boriti kuzuia mchwa, kwa mikono mitupu. Ina ubaya? (Msomaji, Mambrui)

JIBU: Inao. Oili iliyotumika ina masizi na kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa anayeigusa mara kwa mara kwa miaka. Vaa glavu za nitrili (mpira usiopitisha oili), na mikono ioshe kwa sabuni, si kwa petroli. Petroli huondoa mafuta ya ngozi na kuipasua. Boriti zinazoguswa na watoto, au zilizo juu ya tangi la maji, usizipake kabisa.

SWALI: Tindikali ya betri ikinirukia, nipake magadi? (Msomaji, Shela, Malindi)

JIBU: Ngozini, la. Vua nguo iliyorowa, acha maji yatiririke juu ya ngozi dakika 20 au zaidi. Jicho lifanyie vivyo hivyo, kisha hospitali. Magadi ni ya sakafu na juu ya betri, na vifuniko viwe vimefungwa. Ukiitoa betri kwenye gari, anza kufungua waya wa hasi. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi, kwa hiyo pasiwe na sigara wala cheche karibu.