Tembo halingoji msafiri

Mmeuliza: ukipata siku tatu za mapumziko Pwani ya Kenya, utazipitisha wapi? Mimi nitazipitisha kwenye barabara moja tu, ile ya kutoka Mazeras kupitia Rabai, Ribe na Kaloleni hadi Mavueni, karibu na daraja la Kilifi. Kwa gari ni safari ya asubuhi moja. Desemba iliyopita mimi na mke wangu tulikaa humo siku tatu, miguu ikichoka tunapanda matatu.

Kilichotuweka ni tembo la mnazi, pombe ya utomvu wa mnazi. Huanza kuchachuka likiwa bado juu ya mti. La alfajiri ni tamu, la jioni kali, na likikaa zaidi huwa siki. Basi lile linalofika mjini si lile lililoshuka mtini. Ukilitaka tamu, sharti ulale Kaloleni.

Tukalala. Kulipopambazuka mzee mwenyeji wetu alipanda kwa vidato alivyovichonga mwenyewe kwenye shina, kotama, kisu cha mgema, kiunoni. Huko juu alikata ncha ya karara, kole la maua ya mnazi, kipande chembamba kama ukucha, akatundika kibuyu kitupu, akashuka na kile cha usiku. Ndani walielea nyuki watatu. Kumbe ndiyo maana mrija wa kunywea hufungwa nyuzi za mnazi nchani: zinachuja. "Kunyweni polepole, wanangu," akatuambia. Adhuhuri alipanda tena, na jioni tena, mnazi baada ya mnazi. Anayesema mgema ni mvivu wa kijijini hajamtazama akifanya kazi.

Rabai tulipita kuona alipokaa mmisionari Mjerumani Krapf tangu 1846. Kayani, kwenye msitu mtakatifu wa Wamijikenda, hatukuingia, huingii bila idhini ya wazee, na ni haki yao.

Baada ya Kaloleni ni miembe na mikorosho. Kina mama wamepanga embe za ngowe kando ya njia, na utomvu bado haujakauka kwenye vikonyo. Tulikula tukiwa tumeinama, maji ya embe yakichuruzika hadi viwikoni.

Asubuhi ya kuondoka mzee alitujazia chupa. Tulipofika Mavueni na kuuona mkono wa bahari, kifuniko kilikuwa kimevimba. Nilipokilegeza povu likanimwagikia mikononi. Tukaonja: lilishakuwa kali, na lilikuwa lile lile tulilolinywa tamu alfajiri.