Maswali na majibu: majivu, vifuu na kifusi ndani ya zege

Huku Mbarali tuna milima ya pumba za mpunga. Majivu yake yanaweza kupunguza saruji kwa kiasi gani?

Swali hili linakuja kila mwezi, na kila mara mwulizaji hasemi anatumia saruji gani. Soma mfuko kwanza, ndugu yangu. Saruji ya daraja la nguvu la 32.5 mara nyingi imeshachanganywa pozolana (unga wa mawe ya volkano au wa aina hiyo) au mawe ya chokaa kiwandani. Ukiiongezea majivu, zege linadhoofika bila wewe kujua. Tafuta iliyoandikwa CEM I, yaani ile ambayo haijachanganywa hivyo.

Halafu kuna uchomaji. Lundo linaloteketea lenyewe usiku kucha hutoa majivu meusi yenye mkaa, na pale joto linapozidi, silika, yaani ile sehemu ya majivu inayofanya kazi, hugeuka fuwele isiyoshikana na chokaa ya saruji. Unataka moto wa nyuzi 500 hadi 700 na majivu ya kijivu hafifu, kisha uyasage yawe laini kama saruji yenyewe. Kusaga ndiko wengi wanakoruka. Nimewahi kuletewa tofali la majivu yasiyosagwa: nilipitisha ukucha, ukaacha mfereji.

Anza na kilo moja ya majivu kwa kilo tisa za saruji. Pima kwa mizani, usipime kwa ndoo, maana majivu ni mepesi. Mwagilia wiki mbili bila kukosa, kwa sababu mchanganyiko huu hukomaa polepole. Tengenezea tofali na sakafu. Nguzo zisubiri hadi maabara ivunje sampuli za siku 28.

Mchanga wa bahari je?

Hapana, na nimeshajibu mara nyingi. Chumvi hula nondo, na ufukwe unaouchimba ndio unaokinga nyumba za watu.

Mimi ni fundi, niko Pangani. Vifuu vya nazi vinafaa badala ya kokoto?

Vinafaa, fundi, kwa zege jepesi la sakafu na tofali za kujazia kuta. Boriti na nguzo usiziguse. Vivunje vidogo vidogo, ondoa makumbi yote, viloweke kutwa nzima, kisha vianike hadi maji ya juu yakauke. Vikiingia vikavu vitanyonya maji ambayo saruji inayahitaji. Inaniuma kuona vifuu vinachomwa jalalani huku kokoto zinaletwa kwa lori.

Nimeona video inasema plastiki iliyosagwa huimarisha zege. Kweli?

Si kweli. Saruji haishikani vizuri na plastiki. Kadiri unavyoizidisha badala ya mchanga, ndivyo nguvu inavyopungua. Vitofali vya kutandaza njiani vya plastiki na mchanga havina saruji kabisa, ni kazi nyingine. Na msiyeyushe chupa uani kwenye watoto: moshi ule ni sumu.

Nimebomoa nyumba ya zamani. Kifusi nikitupe wapi?

Usikitupe! Toa mbao, jipsamu na plasta, ponda zege, chekecha, na vumbi liweke kando. Kishindilie chini ya jamvi, yaani zege la sakafu ya chini. Ukitaka kukitia ndani ya zege la jamvi lenyewe, badilisha robo tu ya kokoto, na ukiloweshe kabla ya kuchanganya.